Nilimwambia kijana Mworomo "Mgala muue na haki yake mpe." Naomba mnisaidie

Fundi wa Isili

Habari zenu wote. Naandika usiku huu, duka nimeshalifunga, kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani na leo ni siku ya tano.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Eastleigh, Nairobi. Nina vyerehani vinne na ovaloki moja, ghorofa ya pili. Kwetu ni Mombasa, Mji wa Kale, lakini Nairobi nimeshakaa miaka kumi na tisa. Mmoja wa mafundi wangu ni kijana Mworomo kutoka Ethiopia, upande wa Harar. Ana mwaka na nusu kwangu. Ni mkimya, kazi yake ni safi, na kola akiishona yeye hailali hata ifuliwe mara ngapi.

Wiki iliyopita tulikuwa na sare za shule, kaptura arobaini. Kumi na mbili alizikata fupi kwa inchi mbili, alichanganya kurasa za vipimo. Kitambaa kikaharibika, nikanunua kingine kwa pesa yangu. Jumamosi jioni, saa ya kulipana, alikaa kwenye stuli akiangalia chini, anangojea nimkate. Sikumkata. Nilimhesabia pesa zake zote mbele ya wenzake, nikasema lile neno ambalo nyanya yangu alikuwa akilisema kila anapomlipa mtu aliyemuudhi: "Mgala muue na haki yake mpe."

Wallahi nilikusudia wema. Nilitaka wote wasikie kwamba kosa ni kosa na jasho ni jasho.

Aliinua uso akanitazama. Pesa hakuzigusa. Aliikunja tepu yake taratibu, akaiweka juu ya cherehani, akatoka. Jumatatu alikuja, na kazi anafanya vizuri tu, ila chai yangu hanywi tena. Binti wa ovaloki ndiye aliyeniambia: "Mama, hilo jina ulilolitaja kwao ni tusi. Ni wao wanaosemwa."

Methali hii niliijua kabla sijajua kusoma. Nimeiandika kwenye insha shuleni, mwalimu akaipigia mstari na kunipa alama. Hata siku moja sikujiuliza Mgala ni nani. Nilidhani ni mtu wa hadithini, kumbe ni mtu ninayekula naye sahani moja.

Na kuna jambo jingine. Jana aliacha daftari lake wazi juu ya meza ya kukatia. Siku zote nilidhani anaandika Kiingereza. Nikaona: *morma 15, qoma 38, mudhii 33, harka 24*. Mimi nimeshika tepu maisha yangu yote, hizo namba hazikuhitaji mkalimani: shingo, kifua, kiuno, mkono. Mwaka na nusu lugha ya mtoto wa watu iko mezani kwangu, kwa herufi zilezile ninazozijua, na sijui hata kusema samahani.

Chini ya jengo letu kuna mama Mborana wa Isiolo anauza maziwa ya ngamia. Kijana akishuka husemezana naye, wanaelewana, ila kuna maneno wanayarudiarudia. Je, hiyo ni lugha moja? Mgala ni nani hasa? Na nikitaka kumwomba radhi kwa lugha yake, nisemeje?

---

Mzee wa Kibokoni

Mwanangu, usijilaumu kupita kiasi, wengi tumeyalea maneno bila kuwajua wenyewe.

Mgala si mtu wa hadithini. Ndilo jina ambalo sisi watu wa pwani, na Wasomali, na Waamhara pia, tuliwaita Waoromo. Wao wenyewe hawajiiti hivyo. Zamani Waoromo wa kusini walishuka na ng'ombe wao mpaka mito ya Tana na Sabaki, na Wamijikenda husimulia kwamba wao ndio waliowasukuma wazee wao wakaihama Shungwaya, makao yao ya kale. Miji ya pwani iliwaogopa. Methali imezaliwa ndani ya hofu hiyo: huyu ni adui yako, lakini hata yeye, palipo na haki yake, mpe.

Lakini haikuwa vita tu. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo wamo Wagala wanaokuja Pate kufanya biashara, wanasikia sifa za shujaa huyo, wanamtaka awe mkwe wao na wanamwoza binti wa kwao. Watu unaowaogopa tu huwaozi wala hawakuozi.

Na sikiliza hili, maana wengi hawalijui. Yule mmisionari Mjerumani, Krapf, aliyetutungia kamusi kubwa ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1882, hakuja Mombasa kwa ajili yetu. Alikuwa kwanza Ethiopia, katika ufalme wa Shoa, akajifunza Kioromo na kuchapisha sarufi yake London mwaka 1840. Njia ya kaskazini ilipofungwa, akaja Mombasa mwaka 1844 akiamini kwamba kutokea huku kwetu atawafikia Waoromo kwa upande wa kusini. Mwaka uleule homa ikamuulia mke na mtoto mchanga hapa hapa Mombasa. Akabaki, akaenda Rabai, akaandika Kiswahili. Lugha yetu aliikuta njiani, akiwatafuta watu wa huyo kijana wako.

---

Mpenda Methali

Kwa heshima zote, mimi naona tusianze kuzitupa methali zetu. Maana ya hii ni nzuri kuliko nyingi: inakataza dhuluma hata kwa adui. Hakuna anayemkusudia Mworomo leo akiitamka. Mama fundi akae chini na kijana, amweleze maana, moyo wake utatulia. Tukianza kupekua kila methali kumtafuta aliyetukanwa, tutabaki na chache sana.

---

Mwalimu wa Isiolo

Ndugu Mpenda Methali, nimekusoma na najua hukusudii ubaya. Nikujibu kwanza, kisha nimjibu mama fundi.

Mimi ni Mborana. Kiswahili nimekifundisha miaka ishirini na sita, na nakipenda kama ninavyoipenda lugha ya mama yangu. Methali hiyo ilikuwa kwenye orodha niliyofundishia. Kwa miaka mingi nikiifikia nairuka. Siku moja mwanafunzi akaisoma mwenyewe kwa sauti, akauliza kama alivyouliza mama fundi: "Mwalimu, Mgala ni nani?" Darasa zaidi ya nusu walikuwa watoto wa Kiborana. Nikaweka chaki chini, nikasema, "Ni mimi." Kulikuwa kimya mpaka nikasikia mbuzi nje ya dirisha. Nikawaeleza yote, na tangu siku hiyo siiruki. Kwa hiyo sisemi ifutwe. Nasema anayeitamka ajue kuna mtu ndani yake, na kwamba huyo mtu anauawa kwanza ndipo anapewa haki.

Sasa mama fundi. Ukitaka kujua kijana wako alisikia nini, inabidi ujue hilo jina lilifanya kazi gani kwao. Wakati wa Haile Selassie, Kioromo hakikufundishwa shuleni, hakikuchapishwa, na mahakamani mtu alishtakiwa juu ya shamba lake mwenyewe kwa lugha asiyoielewa, kupitia mkalimani. Na waliokuwa mezani wakiandika walimwita kwa jina hilo ulilolitaja. Serikali iliacha kulitumia baada ya mapinduzi ya mwaka 1974, lakini jina halisahauliki kwa sababu ofisi imeacha kuliandika. Wazee walilibeba nyumbani, wajukuu wakalikuta.

Huyo kijana ni wa Harar, basi huenda amesikia habari za Sheikh Bakri Sapalo wa huko kwao. Alikuwa mwanachuoni na mshairi. Mwaka 1956 alitunga herufi zake mwenyewe za kuandikia Kioromo, kwa sababu herufi za Kiethiopia hazikuweza kuonyesha vokali za lugha hii sawasawa. Watu wakaanza kuandikiana barua. Serikali ikazipiga marufuku. Alikufa mkimbizi Somalia mwaka 1980. Kabla yake walikuwapo Onesimos Nesib na Aster Ganno, wote wawili walichukuliwa utumwani wakiwa wadogo kisha wakaachwa huru. Biblia nzima ya Kioromo iliyotoka mwaka 1899 ni kazi yao, na Aster ndiye aliyekusanya nyimbo na ngano za watu wake zikaandikwa. Binti aliyeuzwa, ndiye aliyeikumbuka lugha hata akawarudishia wenyewe.

Zile herufi ulizoziona daftarini zinaitwa *qubee*. Zilikubaliwa rasmi katika mkutano wa Novemba 1991 mjini Addis Ababa, ambao Waoromo huuita Finfinnee. Ni alfabeti ya Kilatini kama yetu. Mtoto aliyeanza shule Oromia, jimbo la Waoromo, baada ya hapo ndiye wa kwanza katika ukoo wake kuandika kifua *qoma* darasani bila kuogopa. Kijana wako akiandika vipimo vya nguo, anaandika kwa kitu ambacho babu yake hakupewa.

Kuhusu mama wa maziwa: ndiyo, ni lugha moja. Sensa ya Ethiopia ya mwaka 2007 iliwahesabu Waoromo zaidi ya milioni 25, kabila kubwa kuliko yote nchini humo, na sisi Waborana ni tawi la kusini. Mpaka uliowekwa mwaka 1907 kati ya Waingereza na Ethiopia ulipita katikati yetu. Moyale ni mji mmoja wenye nchi mbili. Sisi wa kusini vokali ya mwisho ya neno tunainong'ona tu, na watu wa Harar wana maneno yao, ndiyo maana unawasikia wakirudiarudia. Mimi mwenyewe nilipokaa Eastleigh mara ya kwanza nilihitaji siku mbili sikio lizoee. Baada ya hapo tulikuwa tunabishana kuhusu bei kama ndugu.

Ukitaka kujifunza, shika hili kabla ya yote: urefu wa vokali ni neno jingine. *Gara* ni upande wa kuelekea. *Garaa* ni tumbo. *Gaara* ni mlima. *Rafuu* ni kulala, *raafuu* ni mboga ya majani. Kiswahili kinatuzoesha kuvuta silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo Mswahili akisoma Kioromo huvuta pasipo na vokali mbili. Soma kilichoandikwa: moja, usivute, mbili, vuta. Konsonanti nayo ikiandikwa mara mbili, ikalie. *Badaa* ni kilichoharibika, *baddaa* ni nyanda za juu zenye baridi.

Halafu kuna *q*, *x* na *c*. Hizi si za Kiingereza. *Q* ni k, *x* ni t, *c* ni ch, lakini pumzi unaifunga kooni kwanza, kisha sauti inapasuka peke yake. Weka kiganja mbele ya mdomo useme *qoma*: upepo usiguse mkono. Na *dh* ya *mudhii* si ile ya dhahabu. Kunja ncha ya ulimi juu, useme d huku sauti ikivutwa kwa ndani.

Radhi ni *dhiifama*. Sema *dhiifama naaf godhi*, yaani nifanyie msamaha. Lakini usianze na hilo. Anza na salamu, na usiiharakishe. *Akkam jirta?* Kisha *nagaa*, amani. *Fayyaa*, uzima. Kwetu mtu huulizwa amani ya watoto, ya mifugo, ya njia aliyopita, hata kama mlionana jana. Ukikimbilia msamaha kabla ya amani, ataona unataka kumaliza shughuli.

Nimalizie na jambo moja ambalo nalikumbuka kila nikisikia methali ile. Baba yangu alizaliwa upande wa Ethiopia, karibu na visima vya *tula*. Nilipokuwa na miaka kumi na minne alinipeleka. Visima vile ni virefu mno; wanaume husimama mmoja juu ya mwingine toka chini hadi juu, wakirushiana ndoo za ngozi tunazoziita *okolee*, na kazi nzima hufanywa kwa kuimba, maana wimbo ndio unaokuambia lini upokee na lini uachie. Ukikosa pigo, maji yanamwagika juu ya kichwa cha aliye chini yako. Kuna mzee anaitwa *abbaa herregaa*, yeye ndiye anayepanga zamu za mifugo. Siku ile alikuja mtu asiye wa kwetu na ng'ombe waliodhoofika. Watu walinung'unika, na mimi nikanung'unika nao, nilikuwa nimechoka na mabega yananiuma. Mzee hakumuuliza katoka wapi. Alihesabu ng'ombe kwa fimbo, akataja zamu yake, tukarudi kisimani kuimba. Yule mtu alipewa haki yake na hakuna aliyemtisha kwanza.

---

Mchungaji wa Garsen

Mwalimu amemaliza sehemu kubwa, nami naongeza kidogo kutoka Tana River. Sisi ni Waorma. Orma na Oromo ni jina moja, masikio ya watu ndiyo yaliyolitenganisha.

Babangu aliitika hilo jina la Mgala sokoni miaka yote, kwa sababu ndilo wanunuzi wa ng'ombe walilolijua. Nyumbani sikuwahi kulisikia. Nilipolisikia mara ya kwanza, nikiwa nimeshika kamba ya fahali pembeni yake, niligeuka kutazama anaitwa nani. Akaitika yeye. Hatukulizungumza njia nzima ya kurudi.

Mama fundi, wewe ni wa Mombasa, basi maneno yetu unayo mdomoni tayari. Mto Galana, jina hilo ni la kwetu, *galaana*, maji makubwa. Mkondo wa maji unaokauka kiangazi, ambao Kenya nzima wanauita laga, ni *laga*, mto. Ukiwa Tsavo au nyuma ya Malindi ukakuta mahali panapoanza na Daka, hapo kuna jiwe. Majina hayo mengi ni ya Waata, wawindaji wa upinde mrefu wanaosema lugha yetu, waliokuwa wakiishi humo kabla pori halijafanywa mbuga mwaka 1948. Wao waliondolewa, majina yakabaki kwenye ramani.

---

Fundi wa Isili

Nimerudi. Asanteni wote, na mzee wangu wa Kibokoni nakupa shikamoo.

Nilifanya mazoezi siku mbili na mama wa maziwa. Alinishika kidevu kabisa akinionyesha ulimi unakunjwaje. Jumatano nilifika dukani kabla ya wenzake, nikamkuta anatia mafuta cherehani. Nikamsalimu kama mwalimu alivyoniagiza. *Akkam jirta.* Alisimama. Nikauliza amani ya mama yake, ambaye najua yuko kwao na huwa anamtumia pesa. Akajibu kila swali, polepole, akinisubiri. Ndipo nikasema *dhiifama naaf godhi*.

Hakusema lolote kwa muda. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili: "Mama, mimi methali nimeielewa siku ileile. Nilielewa unanilipa. Nilitaka kuuliza tu, kwa nini lazima auawe kwanza?"

Sikuwa na jibu na sikulitafuta. Ndugu Mpenda Methali, wewe ulisema aelezwe maana, moyo utulie. Maana alikuwa nayo. Mimi sitaisema tena dukani kwangu. Kama nataka kumlipa mtu, nitamlipa.

Pesa zake nilikuwa nimezitia kwenye bahasha ndani ya droo ya vifungo. Alizichukua, akazihesabu, akatoa noti za bei ya kitambaa kile akaniwekea mezani. Nilikataa. Akasisitiza. Tukagawana nusu kwa nusu, na chai alikunywa.

Nilimwonyesha ujumbe wa mwalimu kwenye simu. Alisoma sehemu ya Sheikh Bakri mara mbili, akaniomba nimtumie. Kwa yule Krapf alitikisa kichwa, akasema, "Alitutafuta sisi akakupateni nyinyi."

Leo alikuja mteja wa kanzu. Kijana ndiye aliyepima, mimi nikashika daftari, akawa anataja na mimi naandika kwa lugha yake. *Morma* niliiandika vizuri. *Gateettii*, bega, aliniandikia yeye mara ya kwanza ili nione. Urefu nimeandika *dherina*, na alipoangalia alitabasamu lakini mteja alikuwa na haraka, hatukuendelea. Mwalimu, nimekosea wapi?

---

Mwalimu wa Isiolo

E mbili, mama fundi. *Dheerina*. Ivute.